Ndizi Isiyo na Alama

Mfuko wa Rweyongeza ulikuwa na tabia mbaya ya kuongea wakati wa kula. Haukuongea kwa sauti ya kusikiwa na wengine, Mungu ashukuriwe kwa hilo. Uliongea kupitia kidude kidogo alichopachikwa nyuma ya sikio siku ileile madaktari walipomkata utumbo mpana wenye kansa, wakautoa ncha nje ya tumbo, upande wa kushoto wa kitovu, na mfuko ukabandikwa hapo kupokea choo. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke mpole, mwenye Kiswahili cha taarifa ya habari, asiyechoka wala kuona haya. "Choo ni laini. Maji mwilini yanatosha. Damu hakuna," husema, na mwenye tumbo yuko katikati ya tonge. Jamani, nani anaweza kula hivyo?

Mchana ule alikuwa ameketi kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, kijijini Kyabishanda, sahani ya ndizi za kupika na maharage magotini. Mama yake, Ma Kokushubira, alikuwa mlangoni anapepeta kahawa, mgongo kampa lakini masikio yote yako kwa mwanawe, kusikiliza kama anakula au anachezea chakula. Ndizi zilikuwa laini, za manjano, kama zile za jana, zenye utamu wa mbali aliokuwa amesahau kwamba upo duniani. Alikuwa anapeleka tonge la pili mdomoni.

"Katika chakula cha jana kuna ndizi isiyo na alama," mfuko ukasema. "Taarifa itakwenda wizara za Afya na Kilimo mfuko utakapovuliwa. Endelea kunywa maji."

Tonge likaishia njiani.

"Nini, baba?" mama yake akauliza bila kugeuka. Tangu mwanawe aumwe alirudi kumwita hivyo, baba, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo. "Chumvi imezidi?"

"Hapana, Mama. Moto tu."

Akala. Angefanyaje? Akala bila kuisikia ladha tena, maana alama ile aliijua kuliko watu wengi wa mkoa mzima. Rweyongeza alikuwa mkaguzi wa mimea.

Ukavu, ule ugonjwa wa migomba, ulipoingia Kagera, yeye alikuwa bado shuleni. Mgomba uliamka mzima, jioni majani yamejikunja, baada ya wiki shamba zima limesimama limekauka na mikungu yake imeoza ndani. Watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba ndizi inaweza kuisha walijikuta wanachemsha magome. Dada yake Kemilembe alikufa mwaka ule, analilia ndizi, na mama anampikia majani ya maboga yasiyokuwa na hata chumvi. Baadaye maabara ikatoa miche mipya isiyougua, na ndani ya kila mche wakatia chembe fulani, ndiyo hiyo alama, isiyo na ladha wala harufu, isiyokufa kwa kupikwa wala kwa kusagwa. Ukiipima sokoni unaiona. Ukiipima kwenye mchuzi unaiona. Hata ikishapita tumboni mwa mtu unaiona, na hapo ndipo mtu mmoja wa Kilimo akapata wazo la kuweka kipimo kwenye mifuko ya wagonjwa wa utumbo, kwa kuwa serikali inaitoa bure na wenyewe wametia saini kukubali kila kitu.

Rweyongeza naye alitia saini akiwa amelala kwenye machela. Nani husoma karatasi siku ya kukatwa utumbo?

Miche ya zamani ilipigwa marufuku. Ukikutwa na hata mche mmoja, wanakuja vijana wa gesi na mitungi yao mgongoni. Wanachoma kibanja chako chote, wanafukua udongo mpaka kwenye kina cha kaburi, liwepo kaburi au lisiwepo, kisha wanahamia kwa majirani wa pande zote. Yeye mwenyewe alikuwa amewaongoza mara nyingi. Alishazoea kusimama kando na kipaza sauti, akina mama wanagaagaa chini, yeye anawaambia kwa upole kwamba ni kwa ajili ya watoto wao. Na alikuwa anaamini. Hilo tusimnyime: alikuwa anaamini kabisa.

*

Pale kijijini hakwenda kwa hiari. Aliwakimbia watu wa nyumbani kwake mwenyewe mjini.

Wiki za mwanzo alishindwa hata kulitazama lile tundu la tumboni. Jekundu, limelowa, halina maumivu, linajikunja na kujikunjua lenyewe bila kumuomba ruhusa. Alikuwa akibadilisha mfuko macho yameelekea dirishani, anapapasa, na matokeo yake pete inayoshikia mfuko kwenye ngozi inakaa upande, halafu inavuja. Mke wake, Adventina, alitaka kumsaidia, akamfungia mlango. Jumapili moja kanisani, padri kainua hostia, watu wamepiga magoti, kimya kabisa, tundu likatoa sauti ndefu ambayo hakuna mtu aliyeweza kudhani ni kitu kingine. Mtoto wa benchi la mbele akageuka akacheka. Tangu siku hiyo Rweyongeza alilala chumba cha wageni, na mwisho akasema anakwenda kwa mama kupumzika kidogo. Adventina alilia. Yeye alipanda gari.

Mama yake siku ya kwanza tu alimfunua shati pasipo hata kubisha hodi.

"Hiki ndicho kinakutoa kwako?" alisema, akakitazama kwa karibu, kichwa upande. "Ebo! Nimekuosha tangu hujui kukaa. Kilikuwa kule chini, sasa kimehamia juu. Lete maji."

Akamfundisha kukitazama. Akagundua kabla yake kwamba ngozi inataka kukaushwa vizuri kwa kitambaa cha pamba kabla ya pete kukaa, kwamba maharage mengi yanaleta upepo, kwamba akibadilisha asubuhi kabla ya chai kinakuwa kimetulia. Kikitoa sauti mezani, mama huyo anakijibu: "Karibu, na wewe ule!" Akicheka, meno yaliyobaki yote yanaonekana. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, Rweyongeza naye alicheka, akashika tumbo lake kwa mkono mzima bila kinyaa.

Jambo moja tu hakumwambia. Hakumwambia kwamba mfuko unasoma. Mwanzoni aliona haya, kwamba hata choo chake si chake. Baadaye akasahau kwamba kuna la kusema.

*

Alipomaliza kula alimfuata mama yake pale mlangoni.

"Mama, hizi ndizi umezitoa wapi?"

Ma Kokushubira alimtazama kidogo, kama mtu anayepima kilo kwa macho. Kisha akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Njoo," akasema.

Wakapita migomba mipya iliyopangwa kwa mistari, wakapita mibuni, wakafika kwenye kaburi la baba yake. Rweyongeza alikuwa amekagua kibanja hiki kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe, na kila mwaka alikuwa akiishia pale. Nyuma ya kaburi la baba hupiti na panga na mkanda wa kupimia kama unapita sokoni. Alikuwa akivua kofia, anasimama kidogo, anageuka. Nyuma ya kaburi, mibuni mikubwa ilikuwa imeachwa ikafungamana. Mama aliinama, akaingia. Rweyongeza akamfuata, mkono mmoja umeziba mfuko usikwaruzwe na matawi.

Mgomba ulikuwa mnene, na watoto wake wamesimama chini yake. Mkungu mmoja ulikuwa umeshakatwa.

"Ni wako," mama alisema. "Kondo lako la nyuma nililizika kwenye shina la huyu mama yake. Walipokuja kung'oa, niliuchimba mche mmoja, mtoto wake, nikaufunika kwenye debe la mkaa. Wakaupita bila kuuona, mlemle jikoni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kemilembe nilishamzika. Nikate na wako?"

"Mama, ni sheria."

"Najua ni sheria. Unaitangaza kila mwaka kwa kile kipaza sauti chako." Akaugusa mgomba. "Ulipopelekwa hospitali nilikuja kukaa hapa kila siku. Nikasema, huu ukisimama, na yeye atasimama. Umesimama. Na wewe huyo."

Rweyongeza alichomoa kisu, akakata bua la jani. Ukavu ukiwepo, bua hutoa ute wa rangi ya kutu. Bua lilitoa maji meupe, safi. Lakini hilo halikumtuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine kwamba ukavu unaweza kulala ndani ya mgomba msimu mzima kabla haujajionyesha, na mgomba unaolala nao ndio unaoua kijiji.

"Kuna mwingine anajua?"

"Wachache tu." Mama alianza kuonekana mwenye fahari. "Ma Kokugonza alipojifungua vibaya, nilimpa mtoto mmoja wa mgomba apande. Na yule mwalimu aliyevunjika nyonga. Wagonjwa tu, baba. Mtu mgonjwa hawezi kupona kwa hizi ndizi zenu za kadibodi. Nao wamewapa wagonjwa wao."

"Wamewapa nani?"

"Sasa nitajuaje? Kitu cha kumpa mgonjwa kina daftari?"

Alisimama pale, panga la mama yake limeegemea kaburini, akajaribu kuhesabu kichwani vibanja vitakavyoungua mfuko ukivuliwa. Akashindwa. Kisha akajaribu kuhesabu vitakavyokauka kama usipovuliwa, akashindwa vilevile.

*

Kulikuwa na njia. Mkaguzi yeyote aliijua, kwa sababu wameshawakamata watu nayo. Juu ya mfuko kuna kichujio kidogo cha kutolea hewa. Ukidondoshea hapo dawa ya kutolea madoa kabla hujauvua, bamba linalosoma ndani linakufa, na kule mjini inaonekana kama kasoro ya kiwanda. Kuukata kwa kisu au kuuchoma hakusaidii, unatuma papo hapo. Wajanja wa namna hiyo walishafikiriwa. Na mfuko wenyewe hauna mdomo wa chini wa kumwagia. Ukijaa, unauvua wote.

Dawa ilikuwepo dukani. Alinunua chupa ndogo, akaitia mfukoni. Ila hakuitumia. Alijiambia atafanya jioni. Jioni akajiambia asubuhi. Asubuhi hakubadilisha mfuko kwa mara ya kwanza tangu aje, mama akamuuliza, akadanganya kwamba ameshabadilisha. Akaacha chai. Akaacha uji. Tundu halikujali kwamba mwenyewe hali, liliendelea na kazi yake.

Mchana akaja mgeni. Kaijage, mkaguzi mwenzake, rafiki yake wa tangu chuoni, kaleta soda na machungwa ya mgonjwa. Mama akamkaribisha kwa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyopokelewa. Kaijage akachukua mbili, akakaa, akaanza kutafuna, akaepusha macho yake na tumbo la mwenzake kwa bidii mpaka ikawa wazi kwamba anachofikiria ni hilo tumbo tu.

"Mheshimiwa unaendeleaje?"

"Naendelea."

Mfuko, uliokuwa umeshavimba chini ya shati, ukatoa sauti. Kaijage akakohoa kuifunika. Masikini, alikohoa kwa muda mrefu.

"Usijisumbue, mwanangu," Ma Kokushubira akasema akiingia na sinia. "Huyo ni mgeni mwingine. Kula."

Rweyongeza aliona kilichokuwa kwenye sinia: zilezile ndizi za nyuma ya kaburi. Mama alikuwa amempikia mgeni kilicho kizuri kuliko vyote nyumbani. Ndivyo alivyolelewa, na hakuna ukaguzi ambao ungemfanya ampe mgeni wa mwanawe ndizi za kadibodi.

Kaijage alikula tonge moja. Akala la pili polepole, macho yake yakaangalia ukutani mbali sana.

"Mama," akasema, "hizi ndizi umezipikaje?"

"Samli."

"Samli," Kaijage akarudia. Akamtazama Rweyongeza. Rweyongeza akatazama soda yake. Kisha Kaijage akaendelea kula mpaka sinia ikabaki tupu, akanawa, akashukuru, na alipokuwa anasindikizwa hadi barabarani ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Umesikia ya kule kijijini Rugaze?"

"Sijasikia."

"Ukavu umerudi. Kibanja kimoja tu, bibi mmoja alikuwa na mche wa zamani wa kwao, kauficha nyuma ya choo. Umeshashuka bonde zima. Miche mipya nayo inakauka, Rweyongeza. Ile tuliyosema haiugui." Akakunja uso. "Wanasema ugonjwa umejibadilisha ndani ya ule mche wa bibi. Watoto wameanza kuletwa kituo cha afya kwa njaa."

Walisimama. Pikipiki ikapita.

"Mimi leo sijala kitu hapa," Kaijage akasema. "Nilikunywa soda. Lakini kesho au keshokutwa nitaulizwa, na mimi si mtu wa kusema uongo mara mbili." Akampa mkono. "Pole na ugonjwa."

*

Aliporudi ndani alikuwa hawezi tena kusimama wima. Mfuko ulikuwa umejaa mpaka umekaza, na kwenye pete kulikuwa na kitu cha moto kinachotambaa. Alijua ni nini. Ngozi ilikuwa inaungua kama imepakwa pilipili. Akafunga mlango wa chumba cha uani, akakaa kitandani, akafungua shati, akaitoa chupa.

Kifuniko kilikuwa kigumu, kisha kikafunguka. Harufu yake ilimpiga puani.

Matone machache tu. Mama angebaki na kaburi la mumewe, na kibanja, na wagonjwa wake wanaomletea maziwa Krismasi. Yeye angemwambia aukate kimyakimya na wengine waukate. Wangeukata? Ma Kokugonza angeukata? Alimjua Ma Kokugonza. Wangeitikia wote, "Ndiyo, mkaguzi," halafu kila mmoja angeficha mtoto mmoja kwenye debe la mkaa. Na kama bua lile safi lilikuwa limelala na ukavu ndani yake, mtoto wa nani angelilia ndizi mwakani?

Na kama halikuwa na kitu? Kama ule ndio mgomba mzima pekee uliobaki, vijana wa gesi wangeuliza? Hawaulizi. Yeye ndiye aliyewafundisha wasiulize.

Dawa kidogo ikamwagika kwenye suruali. Alitaka kumwita mama amwambie yote, amwachie yeye aamue. Alijua angeamua nini, na alijua kwamba kumwomba mtu mzima aamue jambo kama hilo kuhusu mwanawe na majirani zake ni ukatili wa aina yake. Alikaa akiogopa kama mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Mama huyo hajawahi kubisha hodi.

"Nilijua unanidanganya," Ma Kokushubira akasema. Alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu na kile kitambaa cha pamba begani. "Nyumba nzima inanuka, unasema umebadilisha. Hii nini, unataka kujichubua na madawa?" Akamnyang'anya chupa, akaipachika dirishani. "Lala chali."

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Tazama ngozi yako! Mungu wangu, tazama! Nani kakutuma kuvumilia namna hii?" Machozi yalikuwa yamemjaa. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya ngozi iliyoungua, na lile joto lilikuwa zuri mno hata Rweyongeza akafumba macho.

Vidole vya mama vilianza kuizunguka pete, polepole, kutafuta pa kuanzia kuibandua. Vilikuwa vigumu vya jembe, lakini havikumuumiza popote.

Neno moja lingetosha. Alikuwa nalo mdomoni: Mama, huu mfuko unasema. Angeacha. Angemtazama, angeelewa, chupa iko pale dirishani.

Akamfikiria Kemilembe. Angependa tuseme alimfikiria Kemilembe tu. Lakini alifikiri pia kwamba si mkono wake utakaouvua, na akaona nafuu, na akajiona anavyoona nafuu.

Kiwiko chake kilikuwa kimemzuia mama upande wa kushoto. Rweyongeza akakinyanyua, akampisha.

Pete ikabanduka.

"Taarifa imetumwa," ile sauti ya upole ikasema sikioni mwake. "Ahsante kwa ushirikiano."

"Umeona?" mama akasema. "Jambo dogo hivi." Aliuweka mfuko kando, akaosha, akakausha, akapuliza ngozi kwa mdomo kama anavyopulizwa mtoto aliyejikata. Tundu lilikuwa limetulia, jekundu, safi. Akamvalisha mfuko mpya, akaubana vizuri pande zote, akampigapiga tumbo. "Unajisikiaje?"

"Nafuu, Mama."

"Unalia nini sasa? Imekwisha." Akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Tangu jana hujala. Zimebaki chana mbili za ule mgomba wako. Nikupikie moja, nyingine tuiweke ya kesho?"

Rweyongeza alitazama dari.

"Pika zote, Mama," akasema.

Ma Kokushubira akapiga makofi kwa furaha. Mwanawe alikuwa amepata hamu ya kula.